Karatasi Tumboni mwa Kochi

"Tema hiyo misumari, unijibu!"

"Mmh."

"Hakuna mmh hapa. Nimekuuliza, hii karatasi ilikuwa inafanya nini kwenye mfuko wa shati lako?"

Fundi aliinamia fremu ya kiti, akaongeza kasi ya nyundo. Mkewe alikuwa amesimama katikati ya karakana, povu la sabuni linamteremka mpaka kwenye viwiko, na kwenye ncha za vidole viwili ameshika kikaratasi kilicholowa, kama mtu aliyekamata mjusi kwa mkia.

"Mmh-mmh," akasema Fundi.

"Haya. Nangoja. Huo ni mdomo, si ghala. Misumari itaisha tu."

Akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono yenye povu kifuani.

Huyu fundi watu walimwita Tema. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye vyeti, likilala huko bila kusumbuliwa. Kazi yake ilikuwa makochi, na ufundi wake wote ulianzia mdomoni. Asubuhi alichota misumari mifupi yenye vichwa bapa, akaitia mdomoni kama anayekula karanga. Kisha ulimi ukaanza kazi: unautafuta mmoja, unaugeuza, unausukuma mpaka kwenye midomo kichwa kikiwa mbele, naye anautema kwenye nyundo yenye ncha ya sumaku. Nyundo inaudaka, paa, umeingia kwenye mbao. Mkono wa kushoto unavuta kitambaa, wa kulia unagonga, na ulimi ndio mkono wa tatu. Wanasema alifunga mgongo wa kochi la watu watatu kabla chai yake haijapoa. Wanasema tena siku moja alipiga chafya, misumari kumi na minne ikaruka na kujipanga yenyewe kwenye ukingo wa kiti, mstari umenyooka, hata futi haikuhitajika. Anayebisha akakitazame kiti chenyewe. Kipo kwa kinyozi mpaka leo.

Tena mdomo uliojaa misumari ulikuwa na faida nyingine. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa, kila swali gumu lilimkuta Tema anayo mdomoni. Nani kavunja kioo? Mmh. Mgeni atalala wapi? Mmh. Mkewe, ambaye alishona kava za makochi kwa cherehani kwenye kona ya karakana hiyohiyo, alishajifunza kungoja.

Msumari wa mwisho ukaingia. Nyundo ikanyamaza.

"Nilikuwa nafanya kazi," akasema Tema.

"Nimeona. Sasa soma."

Hakuwa na haja ya kusoma. Mwandiko ulikuwa wake, umechujuka kwa maji lakini unaonekana: *Kochi la Mwalimu Mstaafu. Limefungwa siku ya mvua kubwa. Utakayelifungua, nisalimie.*

Hiyo ilikuwa desturi ya karakana ile, Tema aliirithi kwa fundi aliyemfundisha. Kabla ya kupigilia kitambaa cheusi cha chini, kile kinachoficha mikanda na sponji, fundi hutia karatasi ndani: kiti ni cha nani, kilifungwa lini, na neno moja la utani kwa fundi mwingine atakayekuja kukifungua baada ya miaka. Kochi lililotoka bila karatasi, kwa Tema, lilikuwa kama mtoto aliyetoka nyumbani bila kuaga.

"Hii ilitakiwa iwe tumboni mwa kochi la Mwalimu," mkewe akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, na Tema aliijua. Ikishuka ndiyo mbaya. "Kochi limeondoka hapa wiki saba sasa. Siku hiyo ulitoka hospitali kukatwa kile kinyama cha ulimi kwa ajili ya kipimo, ukaja moja kwa moja kulifunga. Mfukoni ulikuwa na karatasi mbili, niliziona kwa macho yangu haya. Moja ninayo hapa, shati lenyewe nimelikuta leo nyuma ya kabati. Ile ya pili, yenye muhuri wa hospitali, iko wapi?"

Tema akatupa jicho kwenye kopo la misumari. Lilikuwa mbali.

"Usiliangalie hilo kopo!"

"Hospitali watapiga simu. Si nilikwambia?"

"Wiki saba nalala na simu chini ya mto, baba watoto. Naoga nayo. Juzi imeniponyoka ikaingia kwenye ndoo, nikaikausha kwa pasi kama suruali. Watapiga lini?"

Tema akaanza kubandua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. Akaibandua yote. Gundi ilipokwisha ikabidi aseme.

"Hawapigi. Majibu wanatoa kwa namba. Namba iko kwenye ile karatasi."

"Na karatasi?"

"Nilichanganya. Ile yao ndiyo iliyoingia kwenye kochi."

Upande wa pili wa ukuta wa mbao kikasikika kicheko. Alikuwa Randa, seremala aliyewatengenezea fremu, mtu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Akisema "habari za asubuhi" kuku wa mtaa wa tatu walitawanyika. "Shemeji!" akanguruma kutoka huko. "Mwache mwenzio! Kidonda cha msumari hicho. Fundi gani hana kidonda?"

"Wewe randa mbao zako!" mkewe Tema akamjibu, lakini maneno yale hayakuwa mageni. Wote waliyasema kwa miezi, hata yeye mwenyewe.

Kidonda kilianza kama punje ya mchele, ubavuni mwa ulimi, kushoto, palepale misumari ilipozoea kulala. Hakikuuma. Mtu aliyeshinda na chuma mdomoni tangu ujana akipata kidonda, nani atauliza kimetoka wapi? Tema akailaumu misumari. Akaenda kwa muuza vifaa, akamwaga kopo zima juu ya kaunta yake, akamwambia mbele ya wateja kwamba anauzia watu kutu. Akahamia duka jingine. Kidonda hakikuwa na habari ya kuhama duka. Akahamishia misumari shavu la kulia. Kidonda kikabaki kushoto, kimetulia kama mpangaji mwenye mkataba.

Muuza duka la dawa akampa dawa ya kusukutua, kisha vidonge vya rangi mbili, kisha vya rangi moja. Mwezi wa nne mng'oa meno akasema kuna gego lenye ncha linakwaruza ulimi, akaling'oa. Lilikuwa gego zima, halina kosa hata moja, likaondoka bila kujitetea. Mwezi wa tano kumeza kukaanza kuuma, maumivu yakapanda mpaka sikioni upande uleule, na Tema akanunua matone ya masikio. Sikio likashangaa.

Mwisho daktari mmoja wa zahanati alivaa glavu, akakishika kidonda chenyewe kwa kidole. Katika miezi yote hiyo hakuna mtu mwingine aliyekishika. Akakuta kigumu pembezoni, kama pindo lililoshonwa mara mbili. Akauliza kina muda gani.

"Makochi tisa na vigoda vinne," Tema akasema.

"Kwa miezi?"

"Mitano na ushee."

Daktari hakucheka. "Kidonda cha mdomoni kikimaliza wiki tatu hakijapona, usikingojee. Hata kama hakiumi." Akamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko walikata kipande kidogo, wakampa karatasi yenye namba, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili.

Ndiyo hiyo karatasi.

"Chukua koleo," mkewe akasema, akijifuta povu kwa khanga. "Tunakwenda kwa Mwalimu."

"Lile kochi nimelifunga vizuri, mama watoto. Kulifungua ni kuliharibu."

"Basi nitalifungua kwa meno. Mimi yangu yote yapo."

Mwalimu Mstaafu alikuwa amekaa juu ya kochi lenyewe, miguu juu ya kigoda, anasoma gazeti na kusahihisha makosa kwa kalamu nyekundu. Alifundisha nusu ya watu wa mji ule, Tema akiwemo, na nusu nyingine iliyobaki aliitazama kwa huruma.

"Mlifungue kochi langu?" akasema. "Kwa nini? Nimeshalizoea. Linanijua mgongo."

"Kuna karatasi ndani, Mwalimu," Tema akasema. "Imeingia kwa bahati mbaya."

"Ikae. Hainisumbui."

"Ni ya hospitali," mkewe akasema. "Ya ulimi wake. Bila hiyo hatupati majibu."

Mwalimu akavua miwani. Akamtazama Tema, akaitazama shingo yake, upande wa kushoto, ambako kulikuwa na kivimbe Tema alichokuwa akikificha kwa kola. Kisha akainuka kwa kishindo mpaka gazeti likaanguka. "Kwa hiyo wiki saba mimi nimekalia majibu ya mtu? Kumbe ndiyo maana silali! Ligeuzeni. Ngojeni nilete kisu."

"Kisu hapana, Mwalimu," Tema akasema haraka. "Koleo inatosha."

Wakalilaza kochi kifudifudi kwenye zulia, miguu minne juu, kama ng'ombe aliyekataa kwenda sokoni. Tema akapiga magoti, akaanza kung'oa misumari. Aling'oa, aling'oa, jasho likamtoka. Misumari haikuisha. Iliganda kwenye mbao moja ubavuni mwa mwenzake, imebanana hata kucha haipiti.

"Nani aliyelifunga hivi?" akauliza Mwalimu. "Mtu alikuwa anafunga kochi au gereza?"

Mkewe alikuwa ameshaona. Miaka yote ile alimwona Tema akipigilia kitambaa cha chini, na siku zote aliacha nafasi ya vidole viwili kati ya msumari na msumari. Hapa hakuacha hata ya wembe.

Kitambaa cheusi kikalegea upande mmoja. Mkewe akaingiza mkono kati ya mikanda, akapapasa, akaitoa. Muhuri upo, namba ipo. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi ya penseli, na kwa kuwa yalikuwa yamefifia, Mwalimu akaichukua, akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma daftari la mwanafunzi mbele ya darasa:

"*Kaa humohumo. Usinifuate.*"



"Hapa hakuna kuchanganya," Mwalimu akasema. "Na herufi kubwa ya K bado unaiandika kama kiti kilichovunjika. Darasa la tatu nilikwambia."

Tema alikuwa bado amepiga magoti, koleo mkononi. Hakukuwa na msumari wa kutia mdomoni, ile aliyoing'oa ilikuwa imepinda yote.

"Vitu nikishavifunga ndani ya kochi," akasema taratibu, "miaka ishirini havimsumbui mtu. Nikasema labda na hiki." Akameza, akakunja uso kwa maumivu. "Nimeogopa. Wakinikata ulimi nitakuwa nani? Kazi yangu iko humu. Jina langu liko humu."

Mkewe akakaa juu ya tumbo la kochi lililopinduliwa, mikanda ikalia.

"Utakuwa baba watoto asiye na misumari mdomoni," akasema. "Nimekungoja miaka kumi na tisa."

Mwalimu akacheka wa kwanza, cheko kubwa lisilofaa kabisa, na Tema naye akacheka huku ameshika shavu kwa sababu kucheka nako kuliuma. Tema akataka kulifunga kochi palepale, Mwalimu akamkataza. "Liache wazi. Utakuja kulifunga ukipona. Na fundi mwingine asiliguse."

Alhamisi walikuwa hospitali kabla mlango haujafunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kimya, akaitazama namba, akatoa majibu kwenye droo.

"Haya yamekungoja wiki tano," akasema. Hakusema kwa ukali. "Ni saratani ya ulimi."

Neno lilikaa pale mezani. Tema alilitegemea liwe kubwa zaidi.

"Ni misumari?"

"Misumari gani?"

Mkewe akaeleza. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, hata habari ya chafya. "Misumari haina kosa," akasema. "Wengine wanaupata ugonjwa huu kwa tumbaku, wengine kwa pombe, na wapo kama wewe ambao hatujui wameupataje. Kosa la misumari ni moja tu, kwamba kila mtu aliitazama yenyewe asikitazame kidonda."

"Basi nina mtu wa kumwomba radhi," Tema akasema, akimkumbuka muuza vifaa.

"Nitakwambia ukweli. Ungekuja mwezi wa kwanza ningekata kidogo sana. Sasa kimekua, na tezi moja ya shingo imeshavimba. Lakini hakijafika mbali. Ninataka kukitoa chote, halafu mionzi, ili upone, si kukupunguzia maumivu tu. Ila sasa tusipoteze siku."

"Nitaongea?"

"Utaongea. Haitakuwa kama leo, utajifunza upya, lakini watu watakuelewa."

"Nitatema?"

Daktari akamtazama mkewe apate tafsiri.

"Hatatema," mkewe akasema.

Kutopoteza siku, kumbe, ni kazi kuliko operesheni yenyewe. Faili la Tema lilitakiwa liende chumba cha picha, lirudi, liende chumba cha damu, lirudi, liende kwa daktari wa usingizi. Lilikuwa faili la kahawia, na pale hospitali mafaili ya kahawia yalikuwa yamepangwa mpaka dari, ungesema ndiyo yanayoshikilia paa. Lilipotea Jumatatu. Likapatikana Jumatano, likapotea Ijumaa. Mtu wa mafaili, mpole, aliyechoka, akamwambia mkewe Tema: "Mama, nitalijuaje? Yote yanafanana."

Mke wa fundi makochi hakuambiwa mara mbili. Alirudi kwenye cherehani, akachukua mabaki ya kitambaa cha mahameli, chekundu chenye maua ya njano, kile kilichofanya kiti cha kinyozi kionekane kutoka barabara kuu. Akapima, akakata, akashona, akatia pindo na kifungo katikati. Kesho yake asubuhi faili la Tema lilikuwa limevaa.

"Mama, hii nini?" mtu wa mafaili akauliza.

"Kava," akasema. "La mtu mmoja."

Tangu siku hiyo faili halikulala njiani. Wahudumu walilipokezana kama mtoto mchanga. Daktari wa picha akiingia anauliza, "Lile la maua limeshapita?" Mtu wa usafi alilikuta limesahauliwa juu ya benchi, akalikimbiza mwenyewe mpaka ghorofa ya pili. Wanasema siku moja faili lilifika kwenye foleni kabla ya mgonjwa, likapewa kiti. Siku ya kumi na tisa Tema aliingizwa chumba cha upasuaji.

Upasuaji ulichukua saa sita. Mkewe alikaa kwenye benchi na mfuko wa vifungo, akavivika kitambaa kimoja kimoja, arobaini na vitatu, bila kujua ni vya kochi gani. Daktari alitoka, kofia mkononi. Wametoa upande wa kushoto wa ulimi, na tezi za shingo upande ule. Siku kumi baadaye majibu mengine yalikuja, na safari hii hakuna aliyeyafungia popote: kingo zote za kilichokatwa zilikuwa safi, hazina saratani.

Tema hakuweza kusema. Alilishwa kwa mpira uliopita puani, akaandika kwa penseli. Karatasi yake ya kwanza iliuliza: *Kiti cha kinyozi nani anabadilisha sponji?* Ya pili: *Nimeota naongea na nyundo.* Ya tatu aliificha chini ya shuka, mkewe akaivuta, ilikuwa imeandikwa jina lake yeye, tena lile la usichana, basi.

Kwenye mionzi walimtengenezea kinyago cha plastiki kilichomkaa uso wote, kila mkunjo wa pua na kidevu, kisha wakakibana kwenye meza ili asitikisike. Wengine waliogopa kile kinyago, na hakuna wa kuwacheka. Tema alilala chini yake akihesabu sehemu zilizobanwa na kuvutiwa na ile kazi. Alipotoka akaandika: *Leo kochi nilikuwa mimi. Wanajua kufunga.* Alifungwa hivyo mara thelathini. Koo liliungua, mate yakakauka, akapungua mpaka suruali ikawa ya watu wawili. Wiki ya nne alikataa kwenda. Mkewe hakugombana naye. Aliliweka faili la maua juu ya kitanda, karibu na mto, akaendelea kukunja nguo. Baada ya nusu saa Tema akainuka, akalichukua mwenyewe.

Sauti ilirudi kidogokidogo. Mwalimu wa kuongea pale hospitali alimpa mazoezi ya kusukuma ulimi huku na huku. Siku moja mkewe akamuuliza, kwa mazoea tu, mtoto wao wa mwisho atasomea wapi mwaka ujao. Tema akafungua mdomo.

"Sijui," akasema.

Mkewe akakaa chini. "Miaka kumi na tisa," akasema, akifuta macho na kucheka, "na jibu la kwanza ninalopata papo hapo ni sijui!"

Miezi sita baada ya upasuaji kochi la Mwalimu lilirudi karakana, limebebwa miguu juu, na Mwalimu nyuma yake kama msindikizaji. Daktari alikuwa ameshamwona Tema juzi yake, amepapasa shingo, amemulika mdomo, akaandika neno "safi" na tarehe ya kurudi. Mtu wa mafaili aliliweka faili la maua rafu ya mbele, kwa heshima.

Tema alifanya kazi kwa namna mpya. Ulimi wake haukuweza tena kugeuza msumari, na alishaacha kuulazimisha. Mkewe alitoa sumaku kwenye spika mbovu, akaishonea mkanda wa kuvaa mkononi, misumari ikaja kujishika hapo kama kumbikumbi kwenye taa. Alichukua muda mara mbili ya zamani. Chai ilipoa kabisa. Aliongea kama redio iliyofunikwa kwa mto, lakini aliongea siku nzima, na mkewe alishaanza kulalamika.

"Zamani nilipata kimya cha kushona," akasema.

"Ulitaka majibu," Tema akasema. "Pokea."

Alikuwa tayari kulifunga kochi. Juu ya sponji aliweka karatasi ya zamani, ile iliyokauka baada ya kufuliwa, na chini ya maneno yake akaongeza, *Limefunguliwa, limefungwa tena. Fundi mzima.* Mwalimu akaikagua herufi ya K, akaguna, akairudisha.

Upande wa pili wa ukuta randa ilisimama. Seremala akakohoa, akasafisha koo, akakohoa tena.

"Ndiyo hiyo niliyokuwa nawaambia," mkewe akasema chini kwa chini. "Msikieni."

"Nimesikia," Tema akasema. "Nimemwambia mara mbili. Anasema ni vumbi la mbao."

"Na wewe ulisema nini? Kutu ya misumari. Wewe ndiye rafiki yake. Mwambie mara ya tatu."

"Akikataa?"

"Wewe ulikubali?"

"Tangu lini yuko hivyo?" Mwalimu akauliza. "Mbona alikuwa akisalimia, nyumbani kwangu vikombe vinatikisika?"

"Makabati matatu na kitanda kimoja," Tema akasema.

"Kwa wiki, mwanangu!"

"Tisa."

Mwalimu akaweka kalamu yake nyekundu chini.

"Inaweza kuwa vumbi kweli," akasema.

"Inaweza," mkewe Tema akasema. "Na wamulike koo waone vumbi, waturudishie mtu wetu. Mimi sitaki tena kufungua kochi la mtu." Akafungua droo ya cherehani, akatoa kitu kilichokunjwa, akakilaza kwenye magoti ya Mwalimu. Mahameli ya kijani, pindo la dhahabu, kifungo katikati. Saizi ya faili.

"Umeshashona?" Tema akashangaa. "Mtu hata hajasema ndiyo!"

"Kijani hakimpendezi," Mwalimu akasema, akikigeuzageuza. "Ni mweusi sana, angepata samawati."

"Mwalimu, anakwenda kliniki, haendi kuoa."

"Hata kliniki mtu anatazamwa. Na hiki kifungo umekiweka pembeni kidogo."

"Pembeni wapi? Lete hapa niki..."

Mlango ukasukumwa. Randa aliingia, kapakaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, penseli sikioni. "Mna gundi?" akauliza, na ile sauti iliyotawanya kuku ilitoka nyembamba, imekwaruzika, kama msumeno kwenye mti mbichi.

Randa akawatazama wote watatu mmoja mmoja, kisha macho yakashuka kwenye kile kitambaa cha kijani.

"Hilo kava la nani?"

Hakuna aliyekuwa na misumari mdomoni, na bado hakuna aliyejibu. Tema akavua ule mkanda wa sumaku, akauweka juu ya kochi, akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka mbele ya rafiki yake.